Masurufu ya Mtoto Mmoja

Usiku wa kuamkia safari, katika nyumba nyingi, sanduku linalobaki wazi hadi dakika ya mwisho ni la nguo. Zipo nyumba nyingine ambako nguo zilishafungwa tangu juzi, na kinachohangaikiwa sakafuni ni sanduku la chakula. Ndani yake mna makopo ya unga mweupe ambayo hayajafunguliwa, paketi za tambi za wanga mtupu, mikate iliyofungwa mmoja mmoja isiingie hewa, na mizani ndogo ya jikoni iliyoviringishwa ndani ya taulo isivunjike. Juu kabisa, mahali ambapo mkono wa ofisa wa forodha utafika kwanza, imewekwa barua ya daktari yenye mhuri. Mali yote hiyo ni ya mtu mmoja, na mtu huyo bado hajaanza shule.

Kiswahili kina neno la zamani la chakula cha njiani: masurufu. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa na masurufu yake, na mabaharia wa majahazi walipakia mchele, tende na papa mkavu kabla ya kutweka tanga. Lakini masurufu yale yalikuwa ya wote. Yakipungua, wasafiri walinunua kwenye kijiji kilicho mbele, wakala walichokikuta. Masurufu ya mtoto mwenye mlo maalumu ni jambo jingine kabisa, kwa sababu kijiji kilicho mbele kinaweza kuwa na soko lililofurika na bado mtoto asipate hata tonge moja la kumfaa.

Desturi hii haijafikisha miaka 100, na nyayo zake zinafuatika mji kwa mji: Oslo, Birmingham, Buffalo, The Hague. Historia ya tiba imehifadhi majina ya madaktari, nao wanastahili. Ila ukiisoma kwa makini, karibu katika kila kituo unamkuta mama aliyeona kabla ya daktari, akasema, na akarudia kusema hadi akasikilizwa.

Mama wa kwanza ni Borgny Egeland wa Norwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa na watoto wawili, Liv na mdogo wake Dag. Walizaliwa wazima, wazuri wa sura, kisha akili zao zikawa hazikui pamoja na miili yao. Liv alikuwa na maneno machache tu. Dag hakuwahi kusema wala kutembea. Borgny alizunguka kwa madaktari, na kila alipokwenda alitaja jambo ambalo hakuna aliyelitilia maanani: watoto wake walikuwa na harufu ya ajabu, harufu ya uvundo iliyokaa kwenye nepi na haikutoka kwa kuoga. Mwingine angechoka. Yeye hakuchoka, na mwaka 1934 akafika kwa Asbjørn Følling, daktari wa Oslo aliyekuwa pia mwanakemia.

Følling aliomba mkojo wa watoto. Akadondoshea kloridi ya chuma, kipimo cha kawaida cha enzi hizo, akitazamia ubaki na rangi ya kahawia au ugeuke mwekundu wa zambarau. Ukageuka kijani. Akaomba mwingine, akaagiza watoto wasipewe dawa yoyote, akapima tena: kijani. Ikabidi Borgny amletee mkojo mara kwa mara, hadi lita zipatazo 20, na baada ya wiki nyingi za kuchuja na kusafisha, Følling akaipata dutu yenyewe, asidi ya fenilpiruviki, ambayo haikupasa kuwamo kwenye mkojo wa mtu. Kisha akapima watu 430 waliokuwa katika makao ya wenye ulemavu wa akili, akakuta wengine 8 ambao mkojo wao uligeuka kijani vilevile.

Ugonjwa huo leo huitwa fenilketonuria, na hospitalini hutajwa kwa herufi tatu, PKU. Mtoto huzaliwa bila uwezo wa kuivunja fenilalanini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini. Fenilalanini imo katika nyama, samaki, mayai, maharage, na katika maziwa, hata ya mama. Mtoto wa kawaida huitumia na kuivunja ile inayozidi. Kwa mtoto mwenye PKU ziada hiyo hulundikana katika damu na kuudhuru ubongo, kidogokidogo, kila anaponyonya. Kwa Liv na Dag ugunduzi ulikuja umechelewa. Mama yao alipata jina la ugonjwa, akakosa dawa.

Kuna mtoto mwingine wa miaka hiyo ambaye kisa chake kinahusu safari hasa. Carol, binti wa mwandishi wa Kimarekani Pearl Buck, alizaliwa China mwaka 1920, mama yake akiishi huko na mumewe mmishenari. Alipoona mtoto hasemi, Buck alivuka naye Bahari ya Pasifiki kutafuta tiba Marekani, akaenda kutoka daktari mmoja hadi mwingine. Mwaka 1929 alimwacha katika makao ya Vineland, New Jersey, na mwaka 1950 akaandika kitabu juu yake, kwa uwazi ambao wazazi wa wakati ule hawakuuthubutu. Miaka mingi ilipita ndipo ikajulikana kuwa Carol alikuwa na PKU. Mtoto huyo alisafirishwa nusu ya dunia kwa ajili ya afya yake, na njia nzima alikuwa akila chakula kilekile walichokula wengine. Hakuna aliyekosea, hapakuwa na mtu duniani aliyejua kwamba alichohitaji ni masurufu yake mwenyewe.

Masurufu hayo yalitengenezwa kwanza Birmingham, Uingereza, baada ya Vita Vikuu vya Pili. Katika hospitali ya watoto ya mji huo alikuwapo Horst Bickel, daktari kijana kutoka Ujerumani, pamoja na mtaalamu wa watoto John Gerrard na mwanakemia Evelyn Hickmans. Waligundua kwamba mtoto mmoja wa miaka isiyozidi miwili, Sheila Jones, ana PKU. Walifurahia ugunduzi wao, wakamweleza mama yake, na kwao jambo likawa limekwisha. Kwa mama huyo, Mary Jones, ndiyo kwanza limeanza. Kila asubuhi alikwenda maabara kumngojea Bickel mlangoni, na swali lake lilikuwa moja: mtamsaidiaje mwanangu? Alipoambiwa kwamba tiba haipo, alitaka itafutwe.

Ikatafutwa. Huko London mwanakemia Louis Woolf alikuwa amependekeza njia: protini ya maziwa, kaseini, ivunjwevunjwe hadi ibaki asidi amino peke yake, kisha ipitishwe kwenye mkaa maalumu unaoinasa fenilalanini na kuziachia nyingine nyingi. Bickel aliifanya kazi hiyo ndani ya chumba chenye baridi kali ili mchanganyiko usiharibike, akichuja mirija baada ya mirija. Kilichotoka kilikuwa kinywaji chenye ladha mbaya na harufu nzito, na kila mzazi wa mtoto mwenye PKU anaijua harufu hiyo hadi leo. Sheila alipewa kinywaji hicho. Miezi ikapita. Mtoto aliyekuwa akilia mfululizo na kugonga kichwa akaacha. Akatambaa, akasimama, macho yakachangamka, na nywele zake nyeupe zikaanza kukolea rangi.

Kilichofuata kinasumbua kukisoma. Ili kuhakikisha kwamba ni mlo uliomsaidia na si umri, madaktari walirudisha fenilalanini katika kinywaji bila kumwambia mama. Katika siku chache Mary Jones alikuja akisema mwanawe anarudi nyuma, amepoteza kila alichokuwa amejifunza. Aliona peke yake, bila kudokezwa na mtu. Jaribio likarudiwa hospitalini na kupigwa filamu ili madaktari wengine waamini. Leo kumfanyia mtoto hivyo bila ridhaa ya mzazi hakukubaliki, na ni vizuri. Lakini hata katika jaribio hilo, kipimo kilichosema kweli mapema kilikuwa jicho la mama. Taarifa yao ilitoka katika jarida la Lancet mwaka 1953. Sheila mwenyewe hakupona kabisa, kwani ubongo wake ulikuwa umekwisha kudhurika mlo ulipoanza. Watoto waliokuja baada yake ndio waliokula matunda ya kelele za mama yake.

Chakula cha Sheila hakikuweza kusafiri. Kilipikwa maabara, kikanywewa hospitalini au nyumbani karibu na hospitali. Familia iliyokuwa na mtoto wa namna hiyo ilikuwa imefungwa kamba mlangoni pa maabara. Kamba hiyo ilianza kulegea mwaka 1958, kampuni ya Mead Johnson ya Marekani ilipoleta Lofenalac, unga wa makopo wa watoto wenye PKU. Jambo dogo kama kopo lenye mfuniko lilibadilisha maisha: unga mkavu hauozi, unapimika kwa kijiko, unakorogwa popote penye maji safi. Kuanzia hapo bibi aliye mkoa mwingine aliweza kutembelewa.

Kopo lilipokuwapo, likabaki swali la kuwapata watoto kabla hawajadhurika. Jibu lilitoka kwa mzazi mwingine. Robert Guthrie wa Buffalo, New York, alikuwa mtafiti wa bakteria, na alikuwa na mtoto wa kiume mwenye ulemavu wa akili pamoja na mpwa mwenye PKU. Alibuni kipimo cha bei ndogo: tone la damu kutoka kisigino cha mtoto mchanga, likaushwe kwenye karatasi ya kuchujia, kisha kiduara cha karatasi hiyo kiwekwe juu ya bakteria ambao hukua tu pale penye fenilalanini nyingi. Kufikia mwaka 1963, alipochapisha kazi yake, watoto wapatao 400,000 walikuwa wamepimwa katika majimbo 29 ya Marekani, na 39 wakakutwa na ugonjwa. Karatasi ile ilikuwa na fadhila ya pili ambayo wasafiri waliigundua upesi: tone likikauka, linatiwa katika bahasha na kupelekwa kwa posta. Mpaka leo zipo familia zinazobeba karatasi hizo na sindano ndogo za kutoboa kidole, zikamtoboa mtoto kidole zikiwa likizoni na kuituma damu nyumbani ipimwe.

Inafaa kusimama kidogo kwenye mizani iliyoviringishwa ndani ya taulo, maana ndiyo moyo wa sanduku. Mtoto mwenye PKU kali huweza kuruhusiwa gramu 5 hivi za protini ya chakula cha kawaida kwa siku nzima. Nyingine yote inatoka kwenye kopo. Yai moja lina gramu zipatazo 6. Kwa hiyo yai moja, kitu ambacho mwenyeji yeyote atamwandalia mgeni mdogo bila kufikiri, linazidi posho ya siku. Gramu 100 za unga wa mahindi zina protini ya gramu 8 hivi, na ugali nao hauliwi bila kupimwa. Muhogo, ambao watu wengi wanaudharau kuwa chakula cha shida, una gramu moja na nusu hivi katika gramu 100, na ni miongoni mwa vyakula vichache duniani ambavyo mtoto huyu anaweza kula kipande cha kumshibisha. Wanga wa muhogo umo hata kwenye baadhi ya unga wa mikate ya wagonjwa hawa unaouzwa Ulaya. Mzazi hupima, huandika, hujumlisha, na mezani kwa watu huonekana kama bahili anayehesabu tonge za mwanawe.

Historia ya pili ni ndefu zaidi na inahusu mkate. Wagonjwa waliokonda kwa kuharisha kusikokoma walijulikana tangu zamani za tabibu wa Kiyunani Aretaeus, na kutokana na neno lake la tumbo ndipo likaja jina la ugonjwa wa seliaki. Mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London aliandika kwamba ikiwa mgonjwa wa namna hii ataweza kuponywa, basi ni kwa mlo. Hakujua mlo gani. Alisimulia habari ya mtoto aliyenawiri kwa kula kome wa Kiholanzi kila siku, kisha msimu wa kome ukaisha na hali yake ikarudi chini.

Mwaka 1924 Sidney Haas wa New York alileta jibu lililovuma kwa miongo mitatu: ndizi. Aliripoti watoto 10. Wanane aliwapa mlo wa ndizi nyingi bila mkate wala viazi wakapona, wawili ambao hawakupewa walikufa. Kwa msomaji wa Bukoba au Moshi ndizi ni chakula cha nyumbani, lakini mtoto wa New York au London aliyeandikiwa mlo huo aliishi kwa kutegemea meli. Mwaka 1940 Uingereza, ikiwa vitani, ilisimamisha uagizaji wa ndizi. Haas alikuwa amekosea sababu: ndizi hazikuponya chochote, ila zilikalia nafasi ya mkate. Ndiyo maana wako waliotangazwa kupona, wakarudishiwa mkate, wakaugua tena.

Kumbe mkate ulikuwa umekwisha kutajwa Uholanzi, na aliyeutaja alikuwa mama. Willem Dicke, daktari wa watoto katika hospitali ya Juliana mjini The Hague, alisikia kwa mama mmoja kijana kwamba upele wa mwanawe mwenye seliaki ulipungua kila alipomwondolea mkate, na ulirudi kila mkate uliporudi. Jina la mama huyo halimo katika vitabu. Dicke hakumpuuza. Katika miaka ya 1930 alianza kuwajaribia watoto wachache mlo usio na ngano.

Kisha ikaja njaa. Majira ya baridi ya 1944 na 1945, magharibi ya Uholanzi ikiwa mikononi mwa jeshi la Ujerumani, chakula kilikatika. Watu walikula viazisukari na vitunguu vya maua ya tulipu, na wapatao 20,000 walikufa. Wodini kwa Dicke, watoto wenye seliaki, ambao ndio waliotazamiwa kuanguka kwanza, hawakuanguka kama ilivyotazamiwa. Mkate ulikuwa umeadimika. Inasimuliwa kwamba mkate wa msaada ulipofika, nchi nzima ikishangilia, wao wakaanza kuugua tena. Mwaka 1950 Dicke aliwasilisha tasnifu yake Utrecht, na pamoja na wenzake Weijers na van de Kamer alionyesha kwa vipimo kwamba adui ni gluteni, protini ya ngano ambayo jamaa zake wamo katika shayiri na rai.

Habari hizo zilithibitishwa Birmingham mwaka 1952, katika utafiti wa Charlotte Anderson na wenzake. Mmoja wa wenzake hao alikuwa John Gerrard, yuleyule aliyekuwapo kwa Sheila. Hospitali moja, mji mmoja wa viwanda, miaka miwili mitatu, na masanduku mawili ya safari yakazaliwa humo.

Mkate usio na gluteni ulianza kwa kuosha unga wa ngano hadi ukabaki wanga. Nchini Uingereza uliuzwa ndani ya makopo, mgumu, mweupe, wa kupashwa moto kabla ya kuliwa, na ulipatikana kwa cheti cha daktari. Mwaka 1968 wagonjwa na wazazi walipata chama chao, kilichoanzishwa na Elizabeth Segall na Peter Benenson. Huyo Benenson ndiye mwanasheria aliyeanzisha Amnesty International mwaka 1961, naye alikuwa na seliaki. Kazi kubwa ya chama ilikuwa ya unyenyekevu: kutengeneza orodha za vyakula salama, kuzichapisha, kuzirekebisha kila kiwanda kilipobadilisha mapishi. Kwa msafiri orodha kama hiyo ni ramani. Baadaye ikaja kadi ya lugha, karatasi ndogo inayomweleza mpishi wa nchi ya ugenini kwa lugha yake kwamba mtoto huyu hali ngano, shayiri wala rai, hata mchuzi uliotiwa unga kidogo ili uwe mzito. Na mwaka 2008 kanuni za kimataifa za chakula, Codex Alimentarius, ziliweka kipimo: chakula kisichozidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo ndicho kinachoweza kuitwa hakina gluteni. Hapo maandishi ya paketi moja yakaanza kuaminika nje ya mpaka wa nchi ilikotengenezwa.

Mashirika ya ndege nayo yalijipangia herufi. GFML ni mlo usio na gluteni, LPML wenye protini kidogo, na hutakiwa kuagizwa siku moja au mbili kabla. Wazazi wazoefu huagiza, kisha hubeba chao hivyohivyo. Ndege ikibadilishwa ghafla, trei hubaki ardhini.

Mpakani ndipo masurufu haya yanapopata mtihani, kwa sheria ambazo hazikuandikwa kwa ajili yao. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulilipuka Uingereza, na ng'ombe, kondoo na nguruwe zaidi ya milioni 6 wakachinjwa. Tangu Januari 2003 Umoja wa Ulaya ulizuia wasafiri wanaotoka nchi nyingi za nje kuingia na nyama au maziwa mizigoni mwao. Mtunga sheria aliwakumbuka watoto: maziwa ya unga ya mtoto, chakula cha watoto na chakula maalumu cha wagonjwa vikaruhusiwa, kwa kiasi, na kiasi hicho baadaye kiliwekwa kuwa kilo 2, kiwe cha kiwandani, hakijafunguliwa isipokuwa kile kinachotumiwa wakati huo, na hakihitaji jokofu. Ni huruma ya kweli, na inapungukiwa. Mtoto anayetumia gramu 100 za unga wenye asili ya maziwa kwa siku huzipita kilo 2 kabla ya wiki tatu kwisha. Nalo kopo lililofunguliwa ndani ya ndege, kwa sababu mtoto alipaswa kunywa saa sita angani, linategemea ofisa akubali kwamba ndilo linalotumiwa. Ndiyo sababu watu hawa hufungasha vipakiti vya mara moja moja, na kopo zima hawaliondolei utepe.

Halafu ikaja tarehe 10 Agosti 2006. Polisi wa Uingereza walitangaza kuwa wamezuia njama ya kulipua ndege kwa vimiminika, na asubuhi hiyohiyo vimiminika vikapigwa marufuku kwenye mizigo ya mkononi. Maziwa ya mtoto yaliruhusiwa kwa sharti: mzazi ayaonje mbele ya mkaguzi. Foleni zilikuwa ndefu, watoto wakilia, na akina mama wakinyanyua chupa mmoja baada ya mwingine na kumeza. Kwa mama wa mtoto mwenye PKU maana yake ilikuwa kunywa funda la kitu kile kilichoanzia kwenye mkaa wa Bickel. Mnamo Novemba mwaka huo Ulaya iliweka kikomo cha mililita 100, ikavitoa katika kikomo hicho dawa, chakula cha watoto na mlo maalumu unaohitajika safarini. Barua ya daktari, iliyokuwa ya tahadhari tu, ikawa hati ya pili ya kusafiria.

Wapo watoto ambao chakula chao kinasafiri zaidi kuliko wao. Karibu na Tindouf, kusini-magharibi mwa Algeria, Wasaharawi wanaishi katika kambi za wakimbizi tangu mwaka 1975. Mwaka 1999 timu ya daktari Carlo Catassi wa Italia ilichapisha matokeo ya kuwapima watoto 989 wa Kisaharawi: 5.6 kwa kila 100 walikuwa na seliaki, hali Ulaya ni kama mmoja. Wahenga wao waliishi kwa maziwa ya ngamia, nyama na tende. Ngano ilikuja na ukoloni, kisha na magunia ya msaada, ikawa chakula cha kila siku. Kwa mtoto wa kambini kukataa mkate ni kukataa sehemu kubwa ya posho ya nyumba. Kila kiangazi watoto wengi wa kambi hizo hupokewa na familia za Hispania katika mpango wa likizo, na wenye seliaki hukutana huko na maduka yenye rafu nzima ya chakula chao. Wanaporudi, sanduku la zawadi huwa la unga na tambi. Mtoto aliyekwenda mikono mitupu hurudi amebeba masurufu ya miezi, hadi yaishe.

Pwani ya Afrika Mashariki hali ni kinyume. Familia za Waswahili zinazoishi Uingereza au Kanada, zikiwa na mtoto mwenye seliaki, huja likizo Unguja au Mombasa na sanduku zito ambalo nusu yake hurudi halijaguswa. Wali wa nazi, ugali, muhogo, ndizi za kuchemsha, samaki wa kuchoma: hakuna gluteni humo. Mkate wa kumimina ni mchele, nazi na hamira. Vibibi ni mchele. Mtoto aliyezoea kuambiwa "hiki si chako" hukaa kwenye mkeka na kula na wenzake kwenye sinia moja, na mama yake, aliyekuwa amejipanga kwa vita, hukosa la kufanya kwa mikono yake.

Hatari iko kwingine. Urojo hupikwa kwa unga wa ngano. Chapati na mandazi ziko kila nyumba, na mafuta yaliyokaangia sambusa asubuhi ndiyo yatakayokaangia muhogo jioni. Mgumu kuliko mafuta ni upendo. Bibi aliyemngojea mjukuu miaka mitatu hukata kipande cha chapati na kusema: "Kipande hiki tu, mwanangu, kitamfanya nini?" Kumjibu bibi huyo bila kumvunjia heshima kunataka ustadi ambao barua ya daktari haina. Wengine wamegundua kwamba maelezo ya utumbo na gluteni hayasaidii, ila ukimwomba bibi mwenyewe ndiye awe mlinzi wa sahani ya mtoto, hakuna jirani atakayepenya na mandazi.

Asubuhi, barazani, mwenye kuuza vitumbua anageuza vya kwanza kwenye chuma chake. Mama mgeni anamwamkia, anasimama kando na mwanawe, na kabla ya kutoa pesa anauliza kama ndani mmetiwa ngano, kwani wako wanaoongeza kidogo ili rojo lishikane.

"La, bibie, mchele mtupu. Nimeuroweka jana, nikausaga mwenyewe."

"Na chuma hiki, hakiokewi kitu kingine?"

"Vitumbua tu, tangu nilipokinunua."

Mama anavuta kigoda, anamkalisha mtoto, na anaanza kuuliza habari za mafuta.